Mota ya foklifti ya mtumba kwenye guta langu, betri moja kwa moja bila kontrola: miezi saba baadaye

Naanza na bei maana najua wengi ndo mnachotafuta: laki tatu na ishirini. Muuzaji alianzia laki nne na nusu, tukavutana kama nusu saa, akashuka. Hiyo ni mota tupu bila waya, bila swichi, bila chochote, na usafiri juu yako. Ukiniuliza mota yenyewe naipa nyota nne na nusu, duka naipa mbili, na ushauri niliopewa na duka siupi hata nusu nyota kwa sababu ulikaribia kunitolea mtu roho.

Mi nina kaduka ka hardware huku Kimara, Dar, nauza simenti, nondo, misumari, vitu vya kawaida. Mzigo wa wateja unapelekwa na guta, na wanaokaa huku wanajua milima ya kwenda Bonyokwa ilivyo, dogo anayeendesha akipakia mifuko minane ya simenti (kilo 400 hizo) inabidi tuwe watatu kusukuma. Bajaji ya mizigo mpya sikuwa na hela yake, ile ya petroli ya mtumba nayo niliiogopa, kwaiyo nikaanza kuuliza uliza habari ya kufunga mota ya umeme. Fundi wangu mmoja anayechomelea mageti akaniambia usihangaike na mota ndogo za pikipiki za umeme, tafuta mota ya foklifti (ile mashine ya maghalani yenye uma wa kunyanyulia mizigo), zile zinabeba mzigo wa kweli.

Basi nikapanda basi la mwendokasi mpaka Gerezani. Jina la duka siliandiki, siyo lengo langu kumharibia mtu biashara, na kusema kweli maduka ya namna ile yamepangana pale, vyuma vimelundikana mpaka nje, unapita kwa upande. Jamaa alikuwa nazo kama tano hivi chini ya meza, nyeusi, zimejaa grisi na vumbi la kaboni. Akaivuta moja kwa mguu. Mota ya pampu ya foklifti, ile inayosukuma mafuta ya haidroli ili uma unyanyuke, siyo ile ya magurudumu. Nikaifuta kibao kwa kidole: volti 48, kilowati 5, na pembeni kuna kimaandishi S3 15%. Hicho cha mwisho nikakipita tu, ntakirudia maana kina habari yake.

Kitu kimoja nawasifu hawa watu, wanakuacha ufungue. Ile mota ina bati la duara nyuma, unalegeza bolti mbili linatoka, unaona kaboni zote nne, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na zile springi zake na kile kiduara cha shaba zinapokandamiza, komyuteta. Nikapima kaboni kwa rula, zilikuwa na zaidi ya sentimita mbili bado. Shaba ilikuwa na rangi ya kahawia ya chokoleti, laini, haina mistari. Ukikuta nyeusi kama mkaa au ukipitisha ukucha ukasikia vipande havilingani, weka chini, nenda duka jingine.

Alafu akaja kuitesti. Akaleta betri ya gari, waya za kubusti, akaikanyaga mota kwa mguu wa kushoto akagusisha. Mota ikaruka! Yani licha ya kukanyagwa ilijipinda kama kambare, alafu ikaanza kuzunguka, ikapanda, ikapanda. Jamaa anatabasamu, "Umeona bosi wangu? Na hiyo ni volti 12 tu. Ukiipa 48 hapo hamna anayekushika."

Hilo neno nililikumbuka sana baadaye.

Sasa kabla sijaendelea nieleze kidogo hizi mota, maana ukishaelewa hapa mengine yote yanajieleza. Kuna mota zenye sumaku ndani na kuna hizi ambazo sumaku yake inatengenezwa na koili zilizofungwa kwenye kopo la nje. Kwenye mota ya sirizi, kama hii yangu, umeme unapita kwanza kwenye zile koili za nje alafu huohuo unaingia kwenye amecha (ile sehemu ya ndani inayozunguka), ni njia moja, foleni moja. Kwaiyo umeme ukiwa mwingi amecha inapata nguvu na sumaku nayo inapata nguvu kwa pamoja. Umeme ukizidi mara mbili, nguvu ya kuzungusha inakaribia mara nne, mpaka pale chuma kinaposhiba sumaku hakiongezeki tena. Ndo maana stata za magari miaka mingi zimekuwa za aina hii, na vichwa vya treni vya dizeli vya zamani vingi vilikuwa nazo kwenye ekseli zake. Mzigo mzito ukiwa umesimama, hapo ndo inapenda.

Upande wa pili wa habari ni huu. Mota yoyote ikizunguka inazalisha umeme wake wa kusukumana na ule wa betri, na ndo kitu kinachoizuia isizidi spidi. Kwenye sirizi mzigo ukipungua umeme unaoingia unapungua, umeme ukipungua sumaku inalegea, sumaku ikilegea inabidi izunguke haraka zaidi ili ipate huo umeme wa kusukumana, ikizunguka zaidi umeme unapungua tena, sumaku inalegea tena... mnaona inakoelekea. Ikiwa haina mzigo kabisa haina pa kuishia. Inapanda mpaka amecha inafumuka, waya za shaba zinatoka nje kwa kurushwa. Kwa volti 12 mota kubwa kama hii msuguano wake mwenyewe unaishika, hivyo testi ya yule jamaa haikuwa na hatari sana. Kosa lake ni kuisifia ile spidi, kwa sababu spidi bila mzigo kwenye mota hii haikwambii kitu, na kunituma nyumbani na maneno ya volti 48.

Haya. Nikanunua. Nikaomba risiti, akaniangalia kama nimemtukana, mwisho akaandika kwenye kikaratasi. Waranti? "Ukipata shida nipigie." Hiyo ndo waranti.

Akaniuzia na swichi kubwa ya kuwashia, elfu 45, solenoidi ya stata ya lori ya volti 24. Akasema hiyo inabeba ampea hata 500 huna haja ya kontrola (kile kifaa cha kudhibiti umeme unaoingia kwenye mota), betri moja kwa moja, hivyo ndivyo wanavyofunga wote. Mota ina uzito wa kama kilo 30, niliipakia kwenye bajaji, dereva akaniongezea elfu mbili kwa sababu ilimchafulia siti.

Kufunga ilituchukua wiki mbili za jioni. Fundi akachomelea kitako cha mota chini ya fremu, sproketi ndogo kwenye mota, cheni mpaka shafti ya kati, cheni nyingine mpaka ekseli ya nyuma. Betri nne za N100 za ampea saa 100. Tukazigawa mbili mbili: zikiungwa sambamba unapata volti 24 za kuondokea, zikiungwa sirizi unapata 48 za kukimbilia. Hapa kuna mtego ambao wengi wanaumia nao: swichi ya sambamba na swichi ya sirizi zikifunga kwa wakati mmoja hata nusu sekunde, betri zako zimepigwa shoti moja kwa moja, waya inageuka tanuri. Fundi alitumia akili, akaweka wenzo mmoja tu wa chuma unaolala kushoto au kulia, hauwezi kuwa pande zote mbili. Ile solenoidi ikawa ya kuwasha na kuzima, na fyuzi tukanunua. Ya gari.

Siku ya kwanza nilitaka kulia kwa furaha jamani. Dogo akaweka 24, akabonyeza, guta likaondoka na mifuko minane kama halina kitu, "kijana" wa kusukuma akabaki amenyoosha mikono hewani. Niliazima mita ya klampu, ile inayobana waya kupima ampea, kwa jirani (hakikisha inasoma DC, yani umeme wa betri, zile za bei rahisi nyingi zinasoma AC tu, wa nyumbani, utashangaa inakuonyesha sifuri wakati waya inaungua), kwenye tambarare kwa volti 24 ilicheza ampea 35 mpaka 45. Kilimani ilikaa kwenye 90. Ila ile sekunde ya kuondoka ilimulika 380 na mita yenyewe ni nzito kusoma, kwaiyo ya kweli ilikuwa zaidi. Piga hesabu: mota imesimama haizalishi umeme wa kusukumana, kinachoizuia ni ukinzani wa waya tu. Mota, betri, waya na maungio yote kwa pamoja ni kama ohmu 0.04. Volti 24 gawanya kwa hiyo unapata ampea 600. Ndo maana waya nyembamba hazifai kabisa, mi nina za milimita 35 za mraba na bado kwenye maungio yasiyobanwa vizuri unasikia joto kwa mkono.

Uongo wa pili wa duka niliugundua wiki ya kwanza. Nilimuuliza kuhusu rivasi, akasema "geuza tu waya za betri". Tukageuza. Guta likaenda mbele vilevile! Tukageuza tena tukidhani tumekosea, mbele. Fundi akakaa chini akacheka. Ukigeuza betri unageuza umeme wa koili za nje na wa amecha kwa pamoja, zote zimegeuka kwaiyo hamna kilichogeuka. Hiyohiyo ndo sababu grainda na blenda yako ya nyumbani zinafanya kazi kwa umeme wa TANESCO ambao unajigeuza mara 100 kwa sekunde, zile ni mota za sirizi pia. Ukitaka rivasi lazima ugeuze pande moja tu, ama koili ama amecha, na kwa hilo mota iwe na vichwa vinne vya waya nje. Yangu inavyo, A1 A2 vya amecha na S1 S2 vya koili. Kuna nyingine zina viwili tu maana zimeungwa ndani kwa ndani, hizo rivasi mpaka uzifungue, kwaiyo hesabu vichwa kabla hujatoa hela. Mi mwishoni niliachana na rivasi, guta lisukumwe nyuma kwa mkono kama zamani. Pia kaboni za mota nyingi za pampu zimepangwa kwa kuzunguka upande mmoja, ukirudisha nyuma zinatoa cheche kupita kiasi.

Sasa tukio lenyewe. Wiki ya tano hivi.

Dogo alikuwa ametoka tambarare na wenzo kauacha upande wa 48. Tukasimama chini ya kilima kupisha lori la mchanga. Mifuko minane juu, mi niko nyuma nimeweka mkono kwa mazoea tu. Lori likapita, dogo akabonyeza bila kurudisha 24. Nikasikia "paa!", cheni ya kwanza imekatika, ile inayotoka kwenye mota. Ilikuwa cheni ya pikipiki 428 tena iliyotumika, tuliipata bure kwa fundi wa bodaboda, na bure nayo ina gharama zake. Guta likasimama. Mota haikusimama. Dogo akaachia kitufe, wapi, solenoidi imeganda, vile vipande vya shaba ndani vimeyeyuka vikashikana kama vimechomelewa. Kwaiyo tuna mota ya sirizi, volti 48, haina mzigo wowote, na swichi haizimi.

Ule mlio siusahau. Ulianza kama muungurumo, ukawa king'ora, ukawa mluzi mwembamba unaoingia kwenye meno. Fremu nzima inatetemeka mpaka vumbi la simenti linapanda. Watu wa kibanda cha chipsi wamekimbia wameacha mafuta jikoni. Kilichotuokoa ni ile plagi ya betri ya foklifti, ile nene ya plastiki yenye mkono, ambayo fundi aliifunga kwa shida kwa sababu mi niligombana naye ni ya nini na bei yake ile. Niliivuta kwa mikono miwili. Ikatoa mwali wa bluu urefu wa kidole, glavu ya mkono wa kulia ikatoboka, mota ikaanza kushuka polepole, ilichukua muda mpaka ikanyamaza. Kuanzia cheni kukatika mpaka navuta plagi nadhani hazikufika sekunde sita. Dogo alikuwa amekaa chini barabarani ananiangalia tu, ananiambia "Bosi mi kesho siji."

Alikuja lakini. Kesho kutwa.

Na ile fyuzi ya gari? Nzima! Tulipoifungua baadaye tukaelewa kwamba mota ikikimbia bila mzigo haivuti umeme mwingi, ni kinyume, inavuta kidogo. Fyuzi haikulindi na hilo. Fyuzi inakulinda na shoti, na hata hapo ni afadhali ununue iliyoandikwa DC na volti zake, kwa sababu umeme wa nyumbani unapita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche inapata nafasi ya kufa, wa betri haupiti sifuri kamwe, cheche ikishaanza inaendelea kuwaka hewani mpaka kitu kiyeyuke.

Mota ilipona kwa bahati. Niliipeleka kwa fundi wa kusuka mota, mzee mmoja mtaratibu sana Magomeni, akaifungua akaipangusa, akapitisha ukucha kwenye komyuteta bila kusema neno. Kipande kimoja cha shaba kilikuwa kimenyanyuka kidogo sana, kwa macho hukioni, kwa ukucha unakisikia. Akaniuliza "Mliiacha huru hii?" Nikamwambia ndiyo mzee. Akatikisa kichwa, akasema hizi haziachwi huru hata siku moja, hata mkanda hazifungwi, kwa sababu mkanda unateleza na kukatika. Akaikereza shaba ikawa sawa, akakwangua maika (ile inayotenganisha vipande visipigane shoti) katikati ya vipande na msumeno mdogo aliouvunja nusu, akabadilisha beringi ya nyuma. Elfu 80. Hela iliyokwenda mahali pake.

Nikarudi Gerezani na ile solenoidi iliyoganda. Jamaa akaiangalia, akaitikisa sikioni kama anachagua nazi.

"Bosi wangu hii umeizidishia."

"Si ulisema ampea 500?"

"Inabeba 500. Ila siyo muda wote."

"Sasa ulitegemea niwashe guta sekunde mbili nizime?"

Akacheka, na mi nikacheka kwa hasira. Lakini ndo ukweli wenyewe: solenoidi ya stata imetengenezwa kuwasha injini, sekunde chache inapumzika. Ukiishikilia dakika kumi koili yake inapata moto, springi inalegea, ukiikatisha na ampea nyingi inaganda. Hela hakurudisha. Kitu cha umeme kikitoka dukani hakirudi, kibao kimeandikwa juu ya kichwa chake kwa rangi nyekundu, kwaiyo hata kubishana ni kujichosha. Ila akaingia ndani akatoka na kontakta ya foklifti ya kweli, swichi kubwa ya kazi nzito, ina sumaku mbili ndogo pembeni za kupulizia cheche zife, akaniuzia elfu 70. Nikamuuliza mbona siku ile hukunipa hii? "Hukuuliza." Hiyo ndo nyota mbili yao. Vitu wanavyo, tena vizuri, ila ukiingia pale hujui jina la unachotaka utatoka na kilicho karibu na mkono wake. Na hiyo kontakta angalia alama ya kujumlisha na kutoa, ukiifunga kinyume zile sumaku zinavuta cheche ndani badala ya kuitoa.

Tulibadilisha mambo manne kwa mpigo. Kontakta hiyo. Cheni mpya nene ya 520 na sproketi zake, imefunikwa na bati. Kamba kutoka kwenye ile plagi mpaka kwenye usukani, dogo akivuta tu betri zimeachana na mota. Na fundi akaweka kipini kwenye wenzo, kitufe hakifanyi kazi ukiwa upande wa 48 mpaka guta liwe limeshaondoka kwa 24, amefanya kwa swichi ndogo na rilei, mi mwenyewe sijaielewa vizuri ila inafanya kazi. Tangu hapo hamna cheni iliyokatika. Na tuna sheria: hamna kunyanyua magurudumu ya nyuma kwa jeki alafu kutesti na 48. Ukitaka kutesti, betri moja, volti 12.

Betri ndo panapouma mfukoni. Kwa karatasi betri zangu nne ni kilowati saa 4.8. Usijidanganye. Kwanza ukizimaliza zaidi ya nusu unazifupishia maisha, pili umeme wa betri za risasi kama hizi ukivutwa haraka unatoka mchache kuliko ulioandikwa, ile ampea saa 100 ni kwa kuivuta taratibu saa 20. Mi napata kilomita 18, siku nzuri 20, mchanganyiko wa mzigo na kurudi tupu. Zikifika volti 12.1 kila moja zikiwa zimepumzika narudisha kuchaji. Nachaji usiku zikiwa upande wa sambamba, chaja ya volti 24 ampea 20, saa saba nane hivi zimejaa, na nje ya stoo maana zikichaji zinatoa gesi inayolipuka na mi nina kisanduku cha viberiti mle ndani.

Kosa langu hapa ni kwamba nilinunua betri za kawaida za kuwashia magari. Zinatoa nguvu nyingi kwa ghafla, safi kwa kuondokea, ila bamba zake ni nyembamba hazitaki kumalizwa na kuchajiwa kila siku. Mwezi wa sita tangu nifunge, mbili zimeanza kuchoka, nikipanda Bonyokwa zinashuka mpaka volti 9 na kitu wakati wenzake wako 11. Nazibadilisha na za kutumia muda mrefu, za sola, moja moja kadri hela inavyopatikana, ingawa fundi ananikataza kuchanganya mpya na za zamani, najua fundi, najua.

Sasa ile S3 15% niliyosema. Maana yake mota imepimwa kufanya kazi asilimia 15 ya muda na nyingine inapumzika, kwa sababu uma wa foklifti unanyanyuka sekunde chache tu. Hizo kilowati 5 siyo za kutembea nazo mchana kutwa. Kwangu inasaidia kwamba nahitaji kama kilowati moja na nusu kilimani na chini ya hapo tambarare, kwaiyo haijitumi. Ila kipindi cha joto, mwezi wa kwanza wa pili, safari tatu za mlima mfululizo, kopo la nje ukidondoshea tone la maji linachemka. Hapo namwambia dogo akae kivulini apige soda. Insulesheni yake, yani kinachokinga waya za ndani zisipigane shoti, imeandikwa F, yani inavumilia mpaka nyuzi 155 ndani, na kama kopo la nje limefika 100 ndani sijui niseme nini. Kupanda mlima pole pole ndo kunaichemsha zaidi, umeme mwingi na upepo kidogo.

Breki: mota hii haikusaidii kushuka. Usitegemee eti itarudisha umeme kwenye betri kama yale magari ya kisasa, ikifungwa hivi hairudishi kitu. Guta lenye kilo 400 likishuka ni breki za ngoma tu, na mimi nimeweka mbili mpya.

Najua mtaniuliza kwa nini sikufunga kontrola. Ndiyo, kontrola ya volti 48 inaondoa nusu ya matatizo niliyoandika hapa, inakata kata umeme maelfu ya mara kwa sekunde unaondoka laini kama siagi, na nzuri zaidi zinazuia ampea zisizidi. Bei niliyoambiwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mota. Kwa mtu anayetaka winchi ya kunyanyulia zege au kuvuta mashine karakanani, kitu cha kuwasha dakika mbili na kuzima, mi nasema funga betri moja kwa moja, usipoteze hela, mradi mzigo umeungwa kwa gia au shafti usiweze kuachia. Kwa guta linaloendeshwa na kijana mwenye haraka kwenye barabara yenye watoto wa shule, ningekuwa na hela siku ile ningenunua kontrola. Sikuwa nazo. Sasa hivi naziweka kidogo kidogo kwenye kikopo, na kikopo hichohicho ndo kinanunua betri, kwaiyo msiniulize kimefika wapi.

Wanaotaka kwenda pale: ukishuka mwendokasi Gerezani usikubali watu wa njiani wakupeleke, ingia mwenyewe, uliza mota za foklifti. Nenda na rula, tochi, na spana namba 10 na 13 zako mwenyewe maana za kwao hazionekani ukizihitaji. Anzia laki mbili na nusu. Wiki iliyopita nilipita, alikuwa amebakiwa na mbili, moja ina vichwa vinne ila beringi inalia, nyingine sikuifungua. Akanikumbuka, akaniita kwa sauti mbele ya wateja wengine, "Huyu hapa mwulizeni, guta lake linapanda mlima!" Nikawaambia linapanda kweli. Alafu nikamvuta pembeni yule aliyekuwa ameshika solenoidi ya stata mkononi.